Mwisho wa Zamu ya Nani

Jumamosi, Ngara, ghorofa ya tatu
juu ya duka la vioo vya simu.
Meza ya Adagala ina mguu mmoja mfupi,
tumeukingia bili ya maji iliyokunjwa mara nne.

Vizibo vya soda ndivyo alama zetu.
Chekundu ni sumu: raundi tatu.
Cha kijani ni ganzi: mpaka dadu ikuhurumie.
Cha rangi ya chungwa ni hofu,
na hofu Adagala hajawahi kuiandikia kikomo.
"Huisha," husema, "ukiacha kumtazama anayekutisha."

Raundi moja ni sekunde sita.
Sisi huila kwa dakika arobaini,
maana Katunge hujumlisha kwa vidole
na Sirma hatupi dadu akiwa na chapati mkononi.
Ndiyo maana sumu ya sekunde kumi na nane
hutukalia mezani saa mbili nzima.

Leo nyoka wa handaki amenitemea.
Kizibo chekundu kikaingia chini ya askari wangu,
kitufe cha koti nilichokichora macho kwa kalamu.
Raundi ya kwanza, pigo nne.
Ya pili, nne.
Ya tatu, nne, nikanyoosha mkono nikitoe kizibo.
Katunge akanidaka kiganja.
"Bado. Inaisha mwisho wa zamu."
"Zamu yangu imeisha."
"Ya nyoka haijaisha."

Basi tukazozana.
Sumu huhesabiwa kwa saa ya nani,
ya aliyetema au ya aliyetemewa?
Daftari likafunguliwa: doa la chai
papo hapo palipoandikwa jibu.
Sirma, karani wa mahakama, akasimama
akajipangusa makombo kama anavaa joho.
"Aliyetema ndiye mwenye kuifunga hesabu.
Zamu yake isipofika, faili haifungwi."
"Na nyoka akifa?" Katunge akauliza. "Au akihama?"
Sirma akafikiri.
"Basi ni sumu yatima."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshafika Kariobangi,
kwenye ngazi za nyumba ya mama,
Aprili ya mwaka juzi, maji yakiteremka ukutani,
na kaka yangu Mwakio akiniambia neno
lisilozidi sekunde sita.
Akashuka na begi lake.
Sasa yuko Doha, analinda mlango wa duka la manukato.
Hutuma pesa. Sauti hatumi.
Nami kila nikimaliza zamu yangu,
nikishazima taa, nikishageuza mto,
nahesabu: nne.
Nne.
Siku hizi hata sina hakika
kati yetu ni nani aliyetema.

Mita ya stima ilikuwa ikilalama tangu mchana.
Saa moja na nusu ikanyamaza, na nyumba nayo.
"Upofu," Adagala akatangaza gizani, "kwa wote,
mpaka mmoja wenu anunue tokeni."
Dadu ya pande ishirini ikaanguka,
tukaisikia ikibingirika hadi chini ya kochi,
ikasimama kwenye namba ambayo hakuna aliyeiona.
Tukaondoka bila hukumu,
tukizishika kuta za ngazi kama wagonjwa.

Jumamosi iliyofuata Adagala akashusha kopo la majani ya chai
tunamotunza majeshi yetu.
Alikuwa ametufunga kwa utepe, kila mtu na hali yake,
asichanganye.
Kitufe changu kilikuwa bado kimekalia kizibo chekundu.
Wiki nzima. Macho ya kalamu yalikuwa yamefifia kidogo,
au ni mimi.

Katunge akafungua kinywa.
Sirma alikuwa amekuja na karatasi iliyopigwa chapa.
"Nipeni dakika," nikasema,
nikatoka nikasimama kwenye roshani
kati ya sufuria na soksi za jirani,
nikaibonyeza ile namba ndefu.

Ikaita.
Ikaita.
Ndani nikamsikia Adagala akivuta kiti,
akiokota dadu,
akisema bila haraka yoyote:
"Haya. Zamu ya nyoka."