Tundu la Mraba

Bi Qiu haanzi kwa macho, anaanza kwa pua:
kutu ya miaka mia tisa hainuki,
hii inanuka siki.

Kisha ukucha. Kijani kinabanduka
kama rangi ya mlango.
Kisha tundu: pembe zote nne kali,
hazijalika kwa uzi.

"Ya mwaka juzi," anamwambia Shuo,
aliyeuza baiskeli ili ainunue.

Nje, Kaifeng inanyesha. Kijana haondoki.
"Umejuaje upesi hivyo?"

Bi Qiu anafuta kidole kwenye aproni.
Hasemi habari za baba yake,
aliyezika shaba mpya nyuma ya banda la nguruwe,
na kumtuma yeye, mtoto wa miaka saba,
kila jioni, na kopo la mkojo,
akazimwagilie
zizeeke.