Nukta Si Sufuri

Daktari Mwangolo ameuliza kwa maneno machache:
dibaji yasema visima arobaini na kimoja,
jedwali la pili thelathini na vinane.
Vitatu vimekwenda wapi?

Niko ghorofani, Mkomani, dirisha wazi.
Jirani anatwanga kitu, anaacha, anatwanga.
Nafungua folda ya miaka mitatu nyuma.
Mkono ni wangu:
chumvi_mwisho
chumvi_mwisho_kweli
chumvi_mwisho_wallahi
na nyingine, chumvi_wallahi_2,
kana kwamba kiapo nacho kina toleo la pili.

Naiendesha hiyo. Programu inatii.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne:
futa namba saba, kumi na tisa, thelathini na tatu.
Basi. Juu yake hamna neno, chini yake hamna neno.
Aliyeandika ni mimi, na siku ile nilijua sababu,
nikadhani kujua ni kitu kinachokaa,
kama mtu anayeacha ufunguo mlangoni
kwa kuwa leo yumo ndani.

Programu yetu ina adabu moja ninayoipenda:
mstari unaoanza na nyota huupita,
hauusomi, hauugusi. Si wake.
Ni wa binadamu atakayeingia baadaye
aulize, hapa mlikuwa mkifanya nini?
Nimezihesabu nyota zangu katika mistari mia tatu.
Mbili.
Moja yasema, "rekebisha hapa baadaye."
Ya pili, "Shebwana anajua."

Shebwana siku hizi yuko Kiunga, anahesabu mayai ya kasa.
Simu yakatika mara mbili. Ya tatu anacheka:
"Daftari la kijani. Bati la biskuti, juu ya kabati.
Na mchwa ukiwakuta, nisalimie."

Wamekula pembe. Kwenye wino hawajafika.

*Namba 7, Gadeni. Kipimo kimetuponyoka kisimani.
Mtoto wa nyumba ameahidi kukitoa kwa ndoana.*

*Namba 19, Langoni. Ndicho kile kile cha 18!
Kisima kimoja, ukuta umejengwa juu yake,
nyumba mbili zateka, kila mlango una mwenyewe
asemaye ni changu.*

*Namba 33, kwa Bi Mwanamkuu. Amekataa.
Asema maji haya yamemwosha mumewe juzi,
yasitiwe vyuma. Turudi akitoka eda.*

Hatukurudi.
Kwenye jedwali la kwanza kabisa naona nilimwandikia sufuri,
kwa haraka, kwa joto, kwa uvivu, sijui.
Sufuri ni maji yaliyopimwa yakakutwa hayana chumvi.
Nukta ni mlango uliobishwa, ukajibu: si leo.
Na mimi baada ya sufuri nikafuta safu nzima,
mlango, mjane, na jibu lake.

Umeme umekatika, umerudi, nami bado nimekaa.
Data ghafi nimeifungia chumba chake: isomwe, isiguswe.
Amri ziko kwao, zina namba, ajuaye kuhesabu atazifuata.
Matokeo kwao.
Wallahi zote nimezipeleka folda niliyoiita Makumbusho.
Na hapo kizingitini, faili moja: SOMA KWANZA.
Juu ya mstari wa mia mbili na kumi na nne
nyota tatu, sababu tatu, tarehe, jina langu.
Kwa Bi Mwanamkuu, nukta.
Daktari nimemjibu: visima vilikuwa arobaini,
tulivyopima thelathini na vinane.
Iliyokosea ni dibaji.

Alasiri nikapita kwa Bi Mwanamkuu.
Sikuchukua kipimo; mvua za miaka mitatu zimeshuka mle,
maji ya leo hayawezi kuyajibia ya siku ile.
Akanitekea kikombe.
"Nawangoja tangu nilipotoka eda," akasema.
"Nikadhani hamkuandika."
Tuliandika, bibi. Hatukusoma.

Yana munyu, kwa mbali, mwisho wa ulimi.
Hilo sikuliingiza popote.