Hali ya Mteja: Hai

Saa nane za usiku, Mbale.
Jenereta ya benki jirani imekohoa, ikanyamaza,
nami chumbani mwa seva nimejikunyata
ndani ya sweta ya shule ya mdogo wangu.
Baridi ya humu haishuki Wanale. Ni ya mashine.

Natunga kanuni.
Neno kubwa hilo; nyumbani wanadhani nimekuwa wakili.
Mteja akipiga hodi mtandaoni, swichi haimfungulii,
huja kwanza kuniuliza mimi:
huyu ni nani, kalipia nini, apewe upana gani?

Kifurushi cha Jogoo: megabiti tano, usiku hadi alfajiri.
Kifurushi cha Ofisi: ishirini, jua likiwa juu.
Aliyeishiwa asifukuzwe kwa fimbo,
apelekwe taratibu kwenye ukurasa wa malipo
akaione nembo yetu ikimchekea.

Kanuni husomwa toka juu kwenda chini,
ya kwanza kulingana ndiyo hushika,
zilizobaki hazina kauli.
Nandudu alinionya siku ya kwanza kazini:
"Ukimtanguliza *yeyote* mbele ya *fulani*,
fulani hatafika kamwe."
Nilicheka.
Wiki ile ile nikamtanguliza yeyote,
na mji mzima, Namakwekwe hadi Nkoma,
ukaamka unadaiwa.
Muuguzi wa zahanati alinipigia simu
akaniita jina la mnyama afugwaye kwa ajili ya mizigo.
Nilistahili.

Tangu hapo natembea juu ya orodha kwa kidole,
kama mtoto asomaye.

Usiku huu natakiwa kufagia walioganda.
Amri yenyewe ni mistari minne:
asiyetumia kwa siku tisini, akatwe,
anwani yake apewe anayesubiri.
Kabla ya kubonyeza, nimesoma majina.

Watuwa Yonasani. Namatala.
Ruta ipo, imewashwa.
Tangu Pasaka haijavuta hata picha moja.
Hali ya mteja: hai.

Waya ule niliufunga mimi.
Alinishikia ngazi kwa mikono miwili,
akauliza kama intaneti huvuja mvua ikinyesha.
Alitaka kumwona mjukuu aliyeko Doha,
amwone meno, alisema, ajue kama anakula.
Na msibani kwake nilikuwepo. Nilikula malewa
nikiwa nimekaa karibu na dirisha,
taa ya kijani ikikonyeza juu ya kabati,
na hakuna aliyethubutu kuichomoa.

Basi nani analipa?
Nafungua daftari: kila tarehe tatu,
shilingi elfu thelathini na tano,
kutoka namba ya ng'ambo.
Labda kijana hajui namna ya kusitisha.
Labda anajua.

Programu ina hali tatu:
hai, amesitishwa, amekatwa.
Natafuta ya nne kwenye menyu
kama mtu atafutaye funguo
katika mfuko alioupekua tayari mara mbili.

Haipo.

Napandisha mstari mmoja juu kabisa,
juu ya fulani wote, juu ya yeyote:
huyu asiguswe.
Mfumo unadai sababu, hautaki nafasi tupu.
Vidole vinasita.
Naandika: *amelipa.*
Ambayo ni kweli.

Kisha nabonyeza.
Miunganisho mia mbili na kumi na sita inadondoka
bila kishindo; kule nje mbwa tu amebweka, kwa sababu zake.
Nandudu akiuliza asubuhi mbona si kumi na saba,
nitamwambia asome toka juu.

Narusha mwito mmoja mfupi, Namatala.
Unakwenda, unafika juu ya kabati,
unarudi.
Milisekunde kumi na nane.