Alitumia Kushoto

Februari, Tallinn. Baridi ya kung'ata masikio.
Baba kavaa makoti mawili na kofia ya marehemu kaka yake.
"Wazee wanalipa nusu," anasema Maimu wa mlangoni,
macho hayatoki kwenye soksi anayoifuma.
"Mzee nani?" anauliza baba, na kulipa nzima.

Nyumba ina miaka mia tano na ushei,
inanuka nta, vumbi, na sufu iliyoloa.
Juu kabisa, chini ya paa, limebaki gurudumu la kamba
lililopandisha magunia orofa baada ya orofa.
Chumvi ililala huko, pakavu, ikitunzwa kama bibi harusi;
mwenye nyumba, mkewe na watoto saba
walibanana chumba kimoja cha nyuma,
na kijakazi akajikunyata penye ngazi,
palipopita upepo na kila mwenye haja usiku.

Kibao ukutani kinamtaja tajiri:
Hinrik Swarthoff. Meli nne. Wake watatu
(kila mmoja baada ya kumzika mwenzake,
kibao kinafafanua upesi).
Kesi moja na jirani, juu ya ukuta.

Baba hasomi vibao.
Miaka hamsini na miwili amejenga majiko ya vigae
katika nyumba za watu;
kazoea kuingia kwa mlango wa uani
na kwenda moja kwa moja panapokaa moto.

Anapapata. Chumba cha nyuma, sakafuni:
jiwe lenye matundu kumi na mawili,
kila tundu na kifuniko chake.
Chini yetu, anasema, kuna tanuri,
na juu ya tanuri, rundo la mawe.
Unachochea hadi mawe yaive,
unangoja moshi uishe wote, usiwe na pupa,
halafu, sasa, ndiyo unafunua,
na joto linapanda tupu, halimwashi mtu jicho.
Ananieleza kwa mikono
kana kwamba ni mimi nitakayelala hapa leo.
"Na hawa wameweka hii."
Radiata nyeupe, chini ya dirisha.
"Iguse."
Nikagusa. Maiti.

Ghala la chini lina kamba nyekundu ya kuzuia watu.
Akairuka, miaka themanini na mmoja,
akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa tanuri.
"Bwana! Haishikwi hiyo!"
Maimu kashuka mbio, sindano zingali mkononi.
Kutoka ndani, sauti yenye mwangwi:
"Alitumia kushoto."
"Nani?"
"Fundi."

Akatuonyesha kwa tochi ya simu yangu:
chokaa iliyovutwa na mwiko kinyume,
mkia wa kila mstari ukiishia upande usiozoeleka,
na penye pembe, alama ya dole gumba.

Mama ndiye aliyenisimulia, baba hajawahi:
darasa la kwanza, mwalimu na mkanda,
mkono mmoja kufungwa kwenye kiti
hadi ule mwingine ujifunze kuandika.
Ukajifunza. Lakini matofali
hakuwahi kuyapanga kwa mkono wa mwalimu.

Akaliweka dole gumba lake katika lile shimo.
Likapwaya.
"Alikuwa na mikono mikubwa," akasema,
na niliusikia wivu, mbichi kabisa,
wa fundi kwa fundi.

Maimu akaitazama kamba, akatutazama.
Akasogeza soksi kwapani, akainama naye kuchungulia.

Wakati wa kutoka tukapewa kitabu cha wageni.
Waliotutangulia walisifu dirisha, gurudumu, tajiri.
Baba akaichukua kalamu,
akaihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine,
na polepole, ulimi nje kidogo,
kwa herufi zilizoanguka hapa na pale kama za mtoto,
akaandika:

*Mawe umeyapanga vizuri.
Dohani, mimi ningeipinda kidogo.*