Mlango Mwembamba

Saa saba za usiku, chumba cha mitambo, Chake Chake.
Kipoza hewa kinakoroma kama mwenye pumu
nami nimejitanda kanga juu ya sweta,
maana ruta hupenda baridi kuliko waja.

Wateja wangu wanadhani wamekodi waya.
Wanaiona bili: laini moja, Wete hadi Unguja,
basi kichwani mwao kuna uzi mrefu, wao peke yao,
umelazwa chini ya bahari, mtu mwengine haugusi.
Siwavunji moyo.
Uzi haupo. Iko njia kuu moja,
na ndani yake benki, bandari, ghala la karafuu, skuli,
wote wanapita bega kwa bega na hakuna amwonaye mwenziwe,
kila mmoja na lebo yake kipajini,
na mbandikaji ni mie.

Laini yenyewe ni ahadi tu:
kilichoingia mlango huu kitatokea mlango ule,
hakitafunguliwa njiani, hakitaulizwa kina nini.
Nambari ya huku iijue nambari ya kule
kama walioposana kwa majina kabla ya kuonana.
Nambari zikikhitilafiana, hapana ndoa.

Usiku huu zimekubaliana.
Laini mia nne na kumi na saba: Wete kijani, Unguja kijani.
Na simu inalia. Shaame, wa eksirei.
"Bi Raya, picha haziendi."
"Laini iko juu, Shaame."
"Juu wapi? Mtoto kaanguka mkarafuuni tangu alasiri,
daktari wa mifupa yuko Unguja anangoja,
na mie hapa nakodolea asilimia tatu."

Nikatuma salamu, ikarudi.
Nikatuma mia, zikarudi mia.
Hapo ndipo kazi hii inapomdhili mtu:
kila taa inakwambia kweli,
na kweli yenyewe haitoshi.

Nikakikumbuka kitanda cha harusi yangu, Machomane.
Watu waliingia, wakala biriani, wakatoka,
vigelegele viliingia, hata mbuzi wa jirani aliingia,
kitanda kikakataa.
Mlango haukufungwa. Ulikuwa mwembamba.

Basi nikaitia salamu uzito.
Baiti mia tano: ikarudi.
Elfu moja na mia nne: ikarudi.
Elfu moja na mia tano: kimya,
kile cha mtu aliyekusikia na hataki kuitika.

Mchana katapila lilikata faiba barabarani,
na laini zote zikahamia njia ya akiba
ambayo hakuna aliyewahi kuipitishia mzigo.
Nikaifuata swichi kwa swichi hadi Mkoani.
Pale, lango la pili: kipimo kile kile cha kiwandani,
elfu moja na mia tano, wala baiti moja ya ziada.
Picha ya Shaame ingepita, ikapita vizuri,
lau si lebo niliyoibandika ili isionwe na mtu.
Stara yangu ndiyo iliyoinenepesha.

Na chini, kwenye kumbukumbu ya swichi:
imewekwa na Raya, saa kumi na moja jioni, mkesha wa Idi.
Nakumbuka. Nilikuwa na haraka ya kuchukua nguo kwa fundi.

Mstari mmoja wa amri. Nikabonyeza.
"Kumi," akasema Shaame. "Arubaini. Ngoja… ngoja…
imefika. Ya pili hiyo inakwenda."
Akakata, hakuaga.

Mfupa ule sitauona.
Mimi hupitisha, sifungui.
Kwenye daftari la zamu nikaandika: sababu, lango jembamba, Mkoani;
aliyekosea, Raya Faki.
Nikalifuta jina. Nikalirudisha.

Kitanda, mnauliza?
Tulikikata miguu.
Hata leo kinayumba upande wa mume wangu.