Milimita Arobaini

Simu ya Jumatatu, saa tatu na dakika tano,
hulia kabla sijavua koti.
Sitazami namba. Ni Eluned Prosser wa Mtaa wa Kanisa,
na kabla ya salamu anatoa kipimo:
"Thelathini na tatu. Wiki jana lilikuwa thelathini na mbili."

Analipima kwa rula ya mbao ya mwanawe,
iliyosahaulika dawatini alipohamia Australia.
Analipima kama mtu apimavyo kimo cha mtoto
kwa alama za penseli mlangoni.

Naandika: shimo, mbele ya duka la mikate, Abermorlas.
Kisha namwambia ninachotakiwa kusema:
kanuni ya halmashauri ni milimita arobaini.
Pungufu ya hapo si shimo,
ni dosari ya uso wa barabara.
Lako bado halijabaleghe, mama.
Hacheki. "Basi tulilee," anasema.

Wahenga waliosema usipoziba ufa
hawakuwahi kukaa kwenye kikao cha bajeti.
Sisi ufa tunaupima, tunaupa namba,
tunaufungulia jalada,
na ukuta tutaujenga, fungu likipatikana.

Mwaka ule tulipunguza mengi.
Pipa jeusi, lililozolewa kila wiki, likawa la wiki ya tatu;
shakwe wakaijua ratiba kabla ya wakazi.
Idwal Pugh, mwenye miaka kumi na tisa
nyuma ya lori la taka,
alisema huisoma nyumba kwa kufunua kifuniko:
hapa kazaliwa mtu, hapa mtu kaacha pombe,
hapa kairudia.

Nyasi za kando ya barabara tukaacha kuzifyeka.
Fedha ya mafuta ya mashine haikuwapo,
basi tukachomeka vibao vidogo:
TUMEWAACHIA NYUKI.
Maneno yale niliyatunga mimi, Ijumaa jioni, kwa aibu.
Kufika Juni, nyuki wakaja kweli.
Hawakuwa na habari kwamba tulidanganya.

Oktoba, mvua. Desemba, barafu ikajipenyeza,
na lori la maziwa likapita juu yake kila alfajiri.
Thelathini na sita.
Thelathini na nane.
Siku moja sauti yake ilikuja ya kunong'ona,
kama mtu aliye karibu na kitanda cha mgonjwa:
"Arobaini. Na nusu."
Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama.

Gethin alikwenda na kipimo cha chuma,
maana rula ya mbao si ushahidi,
akalizungushia duara la rangi ya manjano
kama mwalimu azungushiavyo kosa.
Duara likakaa wiki sita, mvua ikalifuta.
Ikabidi arudi kulichora upya
kwa fomu nyingine, na sahihi nyingine.

Kisha Alhamisi moja lami ikaja, ikifuka moshi.
Wanaume wawili, koleo, dakika kumi na moja.
Kiraka kikabaki kimetuna kidogo,
cheusi, kinang'aa, hakijui kuwa kipo barabarani.
Nikafunga jalada. Nikagonga muhuri.

Jumatatu, saa tatu na dakika tano,
simu haikulia.
Nilivua koti, nikalitundika.
Nikachonga penseli iliyokwisha chongwa.

Saa nne kasorobo.
"Nimetembea mpaka posta," akasema, akihema.
"Lipo chini ya kile kisanduku chekundu cha barua.
Ni dogo. Milimita sita tu."
Nikasikia rula ikiwekwa mezani, taratibu.

Nikavuta jalada jipya, nikaandika: sita.
Halafu nikamwuliza jambo
ambalo fomu yetu haina mstari wake:
amerudije nyumbani, na magoti yale.