Eda ya Namba Tasa

Darasani, kwa Kiarabu, huiita *awali*.
Nyumbani namba hiyohiyo, kwa lugha ya mama, ni *tasa*.
Hata mimi nina majina mawili.

Kadhi wa Ibra alinikatia robo, si thumni:
robo ni ya mjane ambaye mumewe hakuacha mtoto.
"Tasa kafaidi," alisema wifi Ghaniya,
na birika la kahawa likaendelea kuzunguka.

Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi,
pazia, udi, kiyoyozi kikitona ndooni.
Nikaagiza madaftari ya miraba. Muzna wa darasa la kumi
akaniletea sita, na vifutio viwili.

Ukoo wangu ni huu.
Mbili kwa kipeo cha mbili, toa moja: tatu.
Mbili kwa kipeo cha tatu, toa moja: saba.
Kipeo cha saba: mia na ishirini na saba.
Kipeo cha hiyo, toa moja,
anakuja bibi wa tarakimu thelathini na tisa.
Tasa kamzaa tasa, kamzaa tasa.
Haya, niambieni nani hazai.

Lakini neno tupu si ushahidi.
Nilianza na mdogo, pembeni mwa ukurasa:
shika nne, izidishe kwa nafsi yake, toa mbili,
gawanya kwa mia na ishirini na saba, twaa baki.
Nne. Kumi na nne. Sitini na saba.
Arubaini na mbili. Mia na kumi na moja.
Sifuri.
Anayefika hapo bila baki, ndiye.

Mkubwa anadai hatua mia na ishirini na tano.
Hatua moja kila usiku, baada ya Isha,
tarakimu moja kila mraba.
Usiku wa arubaini nilisahau kubeba moja;
kesho yake nilifuta hadi karatasi ikatoboka.

Waliokuja kunihani waliona midomo inacheza
wakadhani ni uradi. Sikukanusha.
Kitu kisichogawika
ila kwa Mmoja na kwa nafsi yake,
ukikihesabu usiku kucha, utakiitaje?

"Unapiga hesabu ya mali?" aliuliza Ghaniya.
"Ya jamaa zangu," nikamjibu.

Usiku wa mia na ishirini na sita
(ule mmoja ulipotea, nimeshasema)
nikachora kiduara, nikalaza kalamu.
Eda ilikuwa imebakiza siku mbili. Nililala zote.

Anayemfuata bibi, hakuna amjuaye.
Fanya kila chembe ya mchanga wa Sharqiya mraba wa daftari,
hutamaliza kumwandika, sembuse kumpima.
Huenda ni tasa. Huenda ukoo unakatika pale.

Niliporudi shuleni niliandika ubaoni: *awali*.
Muzna, ambaye bibi yake ni wa Pemba,
akanyoosha mkono. "Na kwa Kiswahili, mwalimu?"
Nikamwambia.
Hakucheka. Alinakili,
akapiga mstari chini yake kwa rula.